Kiuno, Nyonga na Pete ya Mifupa: Kuunga Fupanyonga kwa Chale Ndogo na Picha za Eksirei, na Lugha Yake Katika Mitaa ya Eastlands, Nairobi

Utangulizi

Katika mitaa ya Eastlands, kuanzia Kaloleni na Jericho hadi Kayole na Dandora, mtu aliyegongwa na gari akashindwa kuinuka husemwa kwamba "amevunjika kiuno". Kauli hiyo huelezwa polisi, dereva anayesihiwa kumbeba majeruhi, muuguzi wa zamu na hatimaye jamaa walioko mashambani. Kila anayeisikia huielewa, au hudhani kwamba anaielewa. Hata hivyo, kiuno ni ile sehemu ya mwili iliyo baina ya mbavu na nyonga, pale mshipi unapofungwa. Mfupa uliopo hapo ni uti wa mgongo tu. Aghalabu kilichovunjika kiko chini zaidi, nacho ni fupanyonga.

Huenda msomaji akaliona suala hili kuwa la wanakamusi, la kujadiliwa darasani na kuachwa huko huko. Sivyo. Kama itakavyobainika, tofauti ya kiuno na nyonga ni ya upana wa kiganja kimoja au viwili, na kiganja hicho ndicho kinachoamua iwapo leso inayofungwa barabarani itapunguza uvujaji wa damu au itakuwa pambo. Makala haya yanadhamiria kueleza jinsi mivunjiko mibaya ya fupanyonga inavyotibiwa siku hizi kwa chale ndogo, waya na parafujo, daktari akiongozwa na picha za eksirei badala ya kuupasua mwili wazi. Sambamba na hayo, yanaonyesha kwamba maelezo hayo yote yanawezekana kwa Kiswahili, tena kwa maneno ambayo wakazi wa Eastlands tayari wanayo vinywani mwao, ila baadhi yake yanahitaji kutumiwa kwa hadhari.

Pete na namna inavyovunjika

Neno fupanyonga, kwa umoja wake, lina hila ndani yake. Linaashiria mfupa mmoja ilhali mifupa ni mitatu. Kuna miwili mikubwa, wa kulia na wa kushoto, inayokutana mbele kwenye kinena. Nyuma, mifupa hiyo miwili inaukumbatia mfupa wa pembetatu uitwao sakramu, ulio mwishoni mwa uti wa mgongo, juu ya kifandugu. Sakramu imekaa katikati yao mithili ya kabari. Mitatu hii ikishikana hufanya pete. Uzito wote wa kiwiliwili hushuka kwa uti wa mgongo hadi kwenye sakramu, ukagawanyika kulia na kushoto, kisha ukaingia mapajani. Anayetaka mfano na afikirie ngata inayowekwa kichwani chini ya mtungi wa maji: ni duara lililo wazi katikati, lakini ndilo linalobeba. Ngata ya mwili imefungwa kwa kano, na kano za nyuma, zinazoshikanisha sakramu na mifupa ya pembeni, ni miongoni mwa zilizo imara zaidi katika mwili wa binadamu.

Ukiivunja bangili ya kioo, ni vigumu kuivunja mahali pamoja tu. Ikikatika upande mmoja, upande mwingine nao hupata ufa. Ndivyo ilivyo kwa pete ya nyonga pia. Daktari akiona mvunjiko mbele, hana budi kuuliza kilichotokea nyuma. Swali hilo la nyuma ndilo lililokuwa msingi wa uainishaji wa Marvin Tile, daktari wa mifupa wa Toronto, Kanada, ambaye katika miaka ya 1980 aliigawa mivunjiko hii katika makundi matatu. Kuna ile ambayo pete yake haijatetereka. Kuna ile ambayo nusu ya pete hufunguka au kujikunja kama ubawa wa mlango, ila haiwezi kupanda wala kushuka. Na kuna ile ambayo nusu moja imeachana kabisa na sakramu, hivyo inazunguka na pia kupanda juu. Mivunjiko mingi ya fupanyonga huwa ya kundi la kwanza, mathalani ile ya ajuza aliyeteleza bafuni, na haihitaji parafujo hata moja. Makala haya yanahusu makundi mawili yanayosalia, yaani mivunjiko isiyo imara.

Hapa pana mtego mwingine wa lugha. Daktari anayemwambia mgonjwa kwamba "mvunjiko wako si imara" huenda akaeleweka vibaya, kwani katika Kiswahili cha kawaida kitu kisicho imara ni dhaifu. Mgonjwa anaweza kutoka hapo akiamini kwamba amevunjika kidogo. Mafundi wa jua kali pale Kamukunji wana neno bora zaidi. Bolti iliyolegea, gurudumu linaloyumba kwenye ekseli na bawaba iliyochoka, vyote husemwa kwamba "vinacheza". Nyonga inayocheza ni kauli ambayo hakuna mkazi wa Shauri Moyo atakayehitaji kufafanuliwa, nayo inabeba dhana yenyewe barabara: kitu kinachopaswa kutulia hakitulii.

Barabara, nduthi na mjengo

Madaktari huainisha mivunjiko hii pia kwa kuzingatia nguvu iliyoisababisha na upande ilikotokea. Mtazamo huo huhusishwa na Young na Burgess, waliouendeleza nchini Marekani katika miaka ya 1980 na 1990. Ni mtazamo unaosomeka vyema mno katika mazingira ya Eastlands.

Nguvu ya kwanza hutoka ubavuni. Mtu anavuka barabara, gari linampiga kwa upande, na nusu ya pete inasukumwa ndani. Barabara ya Outer Ring, inayopita Kariobangi, Umoja na Donholm, ilipopanuliwa katika miaka ya 2010, magari yalianza kwenda kwa kasi kabla ya madaraja yote ya waendao kwa miguu kukamilika, na wakazi waliendelea kuvuka pale walipozoea. Takwimu za Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, NTSA, zinaonyesha kwamba zaidi ya watu 4,000 walikufa barabarani nchini Kenya katika kila mwaka baina ya 2021 na 2024, wanaotembea kwa miguu wakiwa ndio kundi kubwa zaidi.

Nguvu ya pili hutoka mbele. Pikipiki, au nduthi kama iitwavyo mitaani, inapogonga kitu na kusimama ghafla, mwendeshaji wake hasimami. Mwili hutupwa mbele na tangi la petroli likajikita baina ya mapaja yake. Pete hufunguka mbele kwenye kinena, sawa na kitabu kilichofunuliwa, na madaktari wenyewe wanautumia mfano huo wa kitabu. Upana wa ndani ya pete huongezeka, na hapo ndipo penye hatari kubwa, kwa kuwa damu hupata nafasi ya kumwagikia.

Ya tatu hutoka chini kwenda juu. Mtu anaanguka kutoka jukwaani kwenye mjengo wa ghorofa kule Pipeline au Kayole, anatua kwa mguu mmoja, na nusu ya pete inapandishwa juu kuliko nyingine. Huu ndio mvunjiko mbaya kuliko yote kwa uthabiti wa pete, maana kano za nyuma huwa zimechanika kabisa. Kwa bahati mbaya, majengo ya Eastlands yamewahi kuwaangukia hata waliokwisha kuhamia. Jengo la ghorofa 6 lililoporomoka Huruma usiku wa tarehe 29 Aprili 2016 baada ya mvua kubwa liliua takriban watu 50, na mnamo Desemba 2019 jengo jingine lilianguka Tassia. Kifusi hakina mwelekeo mmoja. Huiponda pete kutoka pande zote.

Leso na mahali pake

Mwili wa mtu mzima una damu ya lita 5 hivi. Pete ya nyonga ikifunguka, sehemu kubwa ya damu hiyo yaweza kumwagikia ndani bila tone kuonekana nje. Mara nyingi damu hiyo haitoki kwenye mshipa mmoja mkubwa ambao daktari angeweza kuufunga. Huchuruzika kutoka kwenye mtandao wa vena zilizo mbele ya sakramu na kutoka kwenye nyama ya mfupa wenyewe uliovunjika. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuifunga pete irudi katika upana wake, ili damu ikose nafasi na ipate kuganda.

Kipo kifaa maalumu cha kazi hiyo, mkanda mpana wa kitambaa kigumu. Penye ukosefu wa mkanda, mafunzo ya huduma ya majeruhi yanakubali shuka lililokunjwa. Leso hufaa vilevile ikiwa imekunjwa kwa upana, na nyumba isiyo na leso Eastlands ni nadra. Kinachobaki ni kujua ifungwe wapi, na hapa ndipo neno kiuno linapoleta maafa. Anayeambiwa "mfunge leso kiunoni" ataifunga kiunoni, pale mama hufunga mtandio wake anapotaka kufua. Leso iliyokaa hapo huibana tumbo na kuiacha pete wazi. Imewahi kubainika hata hospitalini, kwa wauguzi na madaktari wenye mikanda maalumu, kwamba kosa la kawaida ni kufunga juu mno.

Mahali sahihi ni usawa wa zile nundu mbili za mifupa ya mapaja zinazohisika kwa kiganja pembeni mwa nyonga, karibu na usawa wa mifuko ya ubavuni ya suruali. Mifuko yenyewe huondolewa simu na funguo kwanza. Leso hupitishwa chini ya mwili pole pole, bila kumviringisha majeruhi, ikakazwa na kufungwa, kisha magoti nayo hufungwa pamoja. Asitokee mtu akaiminyaminya nyonga ili kuona kama "inacheza". Kila mtikisiko huvunja damu iliyoanza kuganda. Kwa muhtasari wa mdomo, inatosha kusema: "Funga kwenye nyonga, usawa wa mifuko." Maneno sita tu.

Chale, waya na parafujo

Kabla ya kuangalia upasuaji wenyewe, ni vyema kukumbuka njia zilizoutangulia, maana bado zingaliko. Mojawapo ni kumlaza mgonjwa kitandani kwa majuma mengi, mguu ukivutwa kwa uzito unaoning'inia. Mfupa huweza kuunga, lakini si lazima uunge mahali pake. Isitoshe, kulala huko huzaa vidonda vya mgongoni, nimonia na damu inayoganda miguuni. Nyingine ni vyuma vya nje: fito zinazochomekwa mfupani kupitia ngozi na kuunganishwa mbele ya tumbo. Hizi huokoa maisha katika siku za mwanzo, ila huishika pete kwa mbele tu na nyuma ikaendelea kucheza. Ya tatu ni kupasua wazi, kuitazama mifupa kwa macho na kuiunga kwa bamba la chuma. Hii humpa daktari nafasi ya kurekebisha kila kitu, lakini jeraha lake ni kubwa, huvuruga damu iliyoganda, na hupita kwenye ngozi ya mgongoni ambayo tayari imechubuliwa na ajali. Ngozi ya namna hiyo huoza kwa urahisi.

Mwaka 1895 Wilhelm Conrad Röntgen alipogundua miale ya eksirei, ilikuwa ni picha moja iliyoganda kwenye bamba. Ilichukua miongo mingi kupata mashine inayoonyesha mfupa papo hapo kwenye kioo daktari akiendelea kufanya kazi. Mashine hiyo ina mkono wa umbo la herufi C unaoizunguka meza ya upasuaji, chanzo cha miale kikiwa upande mmoja na kipokezi upande wa pili. Kutokana nayo, katika miaka ya 1990 Milton Routt na wenzake wa Hospitali ya Harborview mjini Seattle, Marekani, waliieneza njia ya kuunga sehemu ya nyuma ya pete mgonjwa akiwa amelala chali, kwa kupitisha parafujo kwenye ngozi bila kuufumua mwili.

Hatua zake ni hizi. Mgonjwa aliyekwisha kuongezewa damu na kutulia hupigwa picha za eksirei na za CT ili umbo la sakramu yake lijulikane, kwani sakramu hazifanani. Zipo ambazo pingili yake ya juu ina umbo lisilo la kawaida na njia ya parafujo ni nyembamba mno, na kwa hao daktari huilenga pingili ya pili. Kisha mgonjwa hupewa nusukaputi na kulazwa kwenye meza inayopitisha miale. Jambo la kwanza si kutoboa bali ni kuirudisha pete mahali pake, kwa kuuvuta mguu, kuusukuma upande uliofunguka au kutumia pini zilizochomekwa kwenye mfupa kama mpini. Hili halina budi kusisitizwa. Parafujo haisahihishi; hukaza tu kilichopo. Pete iliyokazwa ikiwa imepinda itaunga ikiwa imepinda, na mguu mmoja utabaki mfupi maisha yote. Ndiyo sababu siku za mwanzo ni za thamani. Kadiri siku zinavyosonga, damu hugeuka kovu, na kovu haliruhusu mfupa kurudishwa kwa mikono pekee. Mgonjwa aliyefika baada ya mwezi mara nyingi huwa amekwisha kuipoteza nafasi ya chale ndogo.

Pete ikirudi, mkono wa C huzungushwa ili kutoa sura tatu. Miale ikielekezwa kutoka upande wa kichwa kwenda miguuni, daktari huona iwapo waya wake umeenda mbele mno au nyuma mno. Ikitoka upande wa miguu kwenda kichwani, huona iwapo umepanda au umeshuka. Ikitoka ubavuni, huhakikisha mahali pa kuingilia. Hakuna sura moja inayotosha. Waya unaoonekana umekaa sawasawa katika picha moja waweza kuwa umetoka nje ya mfupa katika nyingine, mithili ya mtu anayemtazama ndugu yake kwa ubavu mmoja tu na kudai kwamba anamjua.

Chale yenyewe ni ya sentimita 1 au 2, pembeni mwa tako. Neno chale linafaa hapa kuliko mkato au mpasuo, kwa kuwa msikilizaji hupata picha ya alama ndogo kama zile za mganga, wala si ya tumbo lililofunguliwa. Waya mwembamba huingizwa kwa keekee polepole kupitia mfupa wa pembeni, ukavuka kiungo cha nyuma hadi ndani ya sakramu, picha zikipigwa kila hatua chache. Waya ukikubalika katika sura zote tatu, parafujo yenye kipenyo cha milimita 7 hivi, iliyotobolewa katikati kutoka kichwa hadi ncha, hupitishwa juu yake kama ushanga kwenye uzi. Parafujo hufuata alikopita waya na haiwezi kwenda kwingine. Ikikazwa, waya huchomolewa na chale hushonwa kwa nyuzi mbili tatu.

Urahisi huo ni wa masimulizi. Njia ya parafujo imezungukwa na hatari pande zote: mbele yake hupita neva inayouwezesha wayo kuinuka, na chini yake lipo tundu la neva nyingine. Mwaka 1996 Templeman na wenzake walionyesha kwamba mkono ukikosea mwelekeo kwa nyuzi 4 tu, parafujo inaweza kutoka nje ya mfupa au kuingia katika tundu hilo. Gesi tumboni au unene wa mwili hutosha kuifanya picha iwe ukungu, na daktari mwenye busara huahirisha kazi asipoona vizuri. Siku hizi zipo kompyuta zinazomwonyesha daktari njia ya waya katika picha za pande tatu, lakini hazimwondolei wajibu wa kuirudisha pete kwanza. Aidha, si kila pete huungwa hivi. Kinena kilichoachana kwa zaidi ya sentimita 2.5 bado hufungwa mara nyingi kwa bamba kupitia mpasuo wa chini ya tumbo, hata kama nyuma pametiwa parafujo kwa chale.

Kutokana na maelezo haya, ni bayana kwamba bila mashine ya picha ndani ya chumba cha upasuaji, na bila mikono iliyofunzwa kuisoma, upasuaji huu haupo. Majeruhi wa Eastlands huenda akafikishwa kwanza Hospitali ya Mama Lucy Kibaki iliyo karibu, au apelekwe moja kwa moja Hospitali Kuu ya Kenyatta, ambayo imekuwapo tangu 1901. Swali la jamaa huwa ni "kitanda kipo?" Lingefaa kuambatana na jingine: "Mashine ya picha ya chumba cha upasuaji ipo, na kama haipo, anahamishwa lini?" Kwa mvunjiko unaocheza, jibu la swali hilo la pili hupimwa kwa siku.

Tafsida na idhini

Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inamtaka mtoa huduma amweleze mgonjwa, pale inapowezekana, hali yake, tiba zilizopo na hatari zake katika lugha anayoielewa. Katiba ya 2010 nayo imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Lugha anayoielewa mkazi wa Makadara inajulikana. Hata hivyo, idhini ya upasuaji inaweza kutiwa sahihi na mtu aliyeelewa neno "chuma" peke yake.

Ugumu mmoja hautoki kwa daktari bali kwa adabu ya lugha yenyewe. Pete ya nyonga imebeba ndani yake kibofu, njia ya mkojo, njia ya haja kubwa na viungo vya uzazi. Kwa mwanamume hasa, kinena kikivunjika njia ya mkojo huweza kukatika. Dalili yake ni damu kwenye tundu la mkojo, na anayeiona hapaswi kulazimisha mpira wa mkojo kabla ya uchunguzi. Neva za eneo hilo zikiumia, nguvu za kiume nazo huathirika. Kiswahili kina utajiri wa tafsida kwa mambo haya yote, na utajiri huo ni wa kujivunia katika ushairi na mazungumzo ya heshima. Lakini kijana anayemwambia muuguzi wa umri wa mama yake kwamba "huku chini hakuko sawa" hajasema lolote la kumsaidia. Wala daktari anayesema "kunaweza kuwa na matatizo ya kifamilia" hajaomba idhini ya chochote.

Njia ya kati ipo. Maneno mkojo, haja kubwa, uzazi na tendo la ndoa si matusi; yamo katika khutba, katika mahakama na katika redio. Mzee wa Pumwani aliyelelewa katika Kiswahili cha Majengo huyatamka mbele ya wakwe bila kuona haya, mradi yatanguliwe na "samahani" au "kwa heshima zenu". Wanafunzi wa isimujamii wangefanya kazi ya maana iwapo wangechunguza maneno hayo yanavyotumiwa wodini badala ya kuishia kwenye Sheng ya matatu, ambayo imekwisha kuandikiwa tasnifu nyingi.

Ghorofa ya tano

Baada ya upasuaji, mgonjwa huamriwa asiukanyagie mguu wa upande ulioumia kwa majuma 6 hadi 12, kutegemea mvunjiko. Kitenzi hicho kinahitaji uangalifu. "Usikanyage" huweza kueleweka kama "usitembee", na mgonjwa akarudi kulala kitandani hadi damu imgande miguuni, ilhali lengo zima la parafujo lilikuwa ni kumwinua mapema. "Usikanyagie" ni jambo jingine: aamke, ashike mikongojo, mguu uguse chini bila kubebeshwa uzito. Tofauti yote imo katika kiambishi cha kutendea, na hiyo ni sarufi ya darasa la nne.

Amri hiyo hutekelezwa vipi katika ploti ya Pipeline, ghorofa ya tano, isiyo na lifti, ambapo choo ni cha kuchuchumaa na kinatumiwa na mlango mzima? Kuchuchumaa huibebesha pete uzito kabla ya wakati. Suluhu ambazo familia hubuni zinajulikana: kuhamia kwa ndugu aliye chini, kukodi chumba cha mtaa wa pili kwa miezi mitatu, kukitoboa kiti cha plastiki na kukiweka juu ya choo. Hazimo katika kitabu chochote cha tiba, lakini daktari asiyeuliza mgonjwa anakaa ghorofa ya ngapi hajamaliza kumtibu.

Wagonjwa huuliza pia kama chuma kitatolewa. Kwa kawaida parafujo za sakramu huachwa humo maisha yote, isipokuwa zikilegea au zikiuma. Kwa mwanamke kijana swali hilo huwa na uzito wa ziada. Wanawake wengi wa Eastlands huzaa katika Hospitali ya Uzazi ya Pumwani, iliyofunguliwa mwaka 1926, na huko neno nyonga wanalijua vyema kutokana na kuambiwa kwamba nyonga ni ndogo au inatosha. Aliyewahi kuungwa pete anaweza kuzaa kwa njia ya kawaida hata parafujo zikiwamo, ingawa uamuzi hutegemea jinsi pete ilivyounga na bamba la mbele kama lipo. Anachotakiwa ni kulisema jambo hilo katika kliniki ya kwanza, mimba ikiwa changa, na kubeba picha yake ya mwisho ya eksirei. Akisema "niliwahi kuvunjika kiuno", mkunga ataandika maumivu ya mgongo. Akisema "fupanyonga langu lilivunjika, limetiwa parafujo mbili nyuma", ataitwa daktari.